Programu ya Kufuma, Ugenini

Machi 4, Jumatatu

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba programu inayokataa kufunguka kwenye kompyuta nyingine imeharibika. Haijaharibika. Ni nzima kabisa, ila imefika mahali ambapo hakuna anayeelewa inachoomba. Watu huifuta, hununua nyingine, na pamoja nayo hutupa kazi ya miaka.

Naanza hivi kwa sababu leo nusura nami nilifanye. Mvua za kwanza zimeanguka alfajiri, paa la chumba cha kazi likavuja, na maji yakaingia ndani ya kompyuta ya mke wangu. Iliguna, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Mke wangu hakulia wala hakulaumu paa. Alichukua taulo akaipangusa taratibu, kama mtu anavyompangusa mtoto aliyenyeshewa, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii imekwenda."

Ananiita Mwalimu kwa sababu nimefundisha fizikia tangu ujana hadi kustaafu. Mimi namwita Bibie.

"Tutanunua nyingine," nikamwambia, "na programu mpya, ya kisasa."

Akanigeuzia uso kando kidogo, maana ndivyo anavyotazama siku hizi. "Na macho mapya utaninunulia duka gani?"

Machi 5

Nieleze, nisije nikasoma haya baadaye nikajiona mjinga zaidi ya nilivyokuwa.

Bibie huchora michoro ya vitambaa kwa ajili ya kiwanda cha kufuma. Hafumi yeye, huchora kwenye kompyuta, uzi kwa uzi, na mtambo kiwandani husoma mchoro na kuufuata. Amechora mapazia ya hoteli, vitambaa vya viti vya mabasi, mablanketi ya mabweni. Wanafunzi wangu wengi wamelala chini ya michoro yake bila kujua.

Macho yake yanaharibika katikati. Daktari wa macho hakuzungukazunguka: "Rangi zitatangulia kuondoka, Mama, kisha sura za vitu. Mvua hizi zikiisha, mimi sitoi ahadi." Tulipotoka nje aliniambia kwamba anataka kuchora kitambaa kimoja ambacho hakuna aliyemwagiza. Chake. Akione kwa macho yake, basi.

Programu anayoitumia iliundwa kwa mfumo wa kompyuta ambao hauuzwi tena, na walioiunda wamefunga ofisi zamani. Lakini yeye haioni tena ile programu, anaijua kwa vidole. Kibonye hiki na hiki, uzi umebadilika. Hiki mara mbili, mstari umegeuka. Programu za kisasa zimejaa vijipicha vya kutafuta kwa jicho. Kwake hizo ni ukuta mtupu.

Machi 6

Mvua. Ndoo tatu chumbani, kila moja na sauti yake.

Machi 9, Jumamosi

Mkwe wetu amekuja, mume wa binti yetu wa pekee. Ni fundi wa kompyuta, mtu mrefu, mwenye kucheka kabla hajasema. Sijawahi kumwamini sana mtu anayecheka akiwa ameshika bisibisi.

"Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Marehemu yuko wapi?"

"Marehemu gani?" nikamuuliza.

"Si kompyuta."

Bibie akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mimi nikaona ni utovu wa adabu.

Akaifungua mezani, akachomoa diski, akaiunganisha na mashine yake na kuitazama kwa muda. "Mwili umeoza, lakini kumbukumbu zote zimo. Kazi yako iko salama, Mama."

"Na programu yangu?"

"Nayo imo. Tatizo, kompyuta niliyonayo ya kukupa ina mfumo wa ukoo mwingine kabisa. Hawajuani hata kwa salamu. Kwa nini tusitafute mpya tu? Ziko nzuri mno, zimejaa picha za kubonyeza..."

"Atazibonyeza nani?" Bibie akauliza kwa upole.

Mkwe akaweka bisibisi mezani. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama. Tutamhamisha huyuhuyu, na tabia zake zote."

Machi 11

Nimemweleza Bibie jambo lenyewe, naye amesikiliza huku akikunja nguo.

Programu haifanyi chochote peke yake. Muda wote huomba. Huuomba mfumo unaoendesha kompyuta: nifungulie dirisha, nichoree mstari hapa, niambie ni kibonye gani kimeguswa. Huomba maelfu ya mara kabla hujapepesa jicho, na huomba kwa desturi za nyumba ilimolelewa. Ihamishie nyumba nyingine, itaomba vilevile, na mwenyeji ataitumbulia macho.

Basi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujenga kompyuta nzima ya kale ndani ya ile mpya, kompyuta ya kufikirika, na kuweka ndani yake mfumo wa zamani. Programu ikiamka haijui kama imehama. Inaota iko kwao. Ya pili ni nyepesi zaidi: unamweka mkalimani mlangoni. Kila ombi likija, mkalimani anaulizia kwa mwenyeji kwa namna ya mwenyeji, anarudi na jibu. Hakuna ndoto hapo. Kuna mgeni, mwenyeji, na mtu wa kati anayekimbia huku na huku.

Nilipomaliza, Bibie aliweka shati la mwisho juu ya rundo.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuuliza tu kama itafunguka Alhamisi."

Machi 14, Alhamisi

Imefunguka, kwa njia ya kwanza. Lakini mashine ya mkwe haina nguvu za kubeba nyumba mbili. Bibie anagusa kibonye, ananyanyua kikombe, anakunywa, anarudisha kikombe, ndipo mstari unatokea.

"Ni kama kufanya kazi chini ya maji," akasema. Alijaribu mchana mzima. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika mwisho wa wazo wakati kioo bado kiko mwanzoni.

Machi 17, Jumapili

Njia ya pili. Mkwe alikuja na mkalimani wake, programu ndogo isiyo na sura yoyote. Alichora mistari kadhaa ya majaribio, nyeusi juu ya nyeupe, akaona inakwenda. "Mama, karibu kitini."

Mvua ilikuwa imetulia ikawa mnong'ono. Bibie aliketi, akaweka mikono juu ya kibodi bila kuitazama. Dirisha la zamani lilijifungua kwenye kioo kipya, na kijivu chake kilekile, na pembe zake butu, katikati ya mapambo ya mfumo mwingine. Nilikumbuka asubuhi za safarini, mtu anapoamka katika chumba cha ugenini na kwa muda kidogo hajui mlango uko upande gani. Kisha vidole vikaanza, na mistari ikatoka papo hapo.

"Iko hai," akasema.

Mkwe akala mkate wetu wote akaondoka.

Machi 18

Anafanya kazi. Nimepika mimi. Supu ilikuwa na chumvi.

Machi 19

Anafanya kazi. Supu haikuwa na chumvi.

Machi 22

Leo alasiri nilisinzia kitini nyuma yake, na mlio wa vibonye ukachanganyika na mvua hata sikujua nani anafuma nini. Nikaota mtambo mkubwa unafuma maji: nyuzi za wima zikishuka kutoka mawinguni, na mkono wa mtu nisiyemwona ukipitisha uzi wa ulalo, nyumba hadi nyumba, barabara hadi barabara. Nilipoamka alikuwa ameacha kuchora, ananitazama kwa kando.

"Ulikuwa unanikoromea kitambaa," akasema.

Siku hizi anaonekana kijana.

Machi 26

Amejaza rangi. Mpaka leo alikuwa kwenye mistari tu. Namba za nyuzi anazijua kwa kichwa. Kila uzi kiwandani una namba yake.

Machi 28, Alhamisi

Aliniita. "Njoo utazame." Nikaenda, nikasimama nyuma ya kiti. Kioo kilikuwa kimejaa bluu: bluu nzito chini, ikipanda na kufifia mpaka samawati nyepesi, na ukingo wa kijani.

"Unaionaje rangi?"

"Nzuri sana," nikamjibu. "Imependeza mno."

Akanigeuzia uso kando. "Ndivyo unavyoiona?"

"Ndivyo. Usibadilishe kitu."

Akasema ahsante, akazima.

Machi 30

Hajawasha kompyuta. Anasema amechoka.

Aprili 1

Hajawasha.

Aprili 3

Nimemkuta anafunga vidonge vya uzi vya mfano, vile alivyokuwa akiviweka dirishani, ndani ya sanduku. Akalifunga sanduku kwa utepe na kuniomba niliweke juu ya kabati, nyuma ya blanketi.

"Hutavihitaji?"

"Kitambaa kimekwisha, Mwalimu."

Hakijakwisha. Upande mmoja wa mchoro ni mtupu. Hata mimi nimeliona hilo.

Aprili 5

Nimempigia mkwe simu na kumwambia kwamba mashine yake imemkatisha mama tamaa. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

"Programu inagoma, Baba?"

"Haigomi."

"Inakwenda polepole?"

"Haiendi polepole."

"Basi ina nini?"

Nikakata simu. Nimemwona mtu huyu kuwa ni wa kulipua kazi na kucheka. Lakini ukweli ni kwamba aliuliza maswali matatu ya maana, na la tatu nikalikimbia.

Aprili 8

Mvua ya kutwa. Bibie ameketi dirishani, mikono mapajani. Nimemuuliza anawaza nini. "Siwazi. Nasikiliza tu." Anajifunza kusikiliza, nadhani. Anajiandaa.

Aprili 10

Nimefikiri hivi. Huenda anaogopa kwamba mchoro uliotengenezwa ugenini hautapokelewa na mtambo wa kiwanda, na kazi yake itakuwa bure. Mtambo ule ni mzee, unasoma michoro ya programu ile tu. Kama nikimletea ushahidi kwamba umepokelewa, atanyanyuka. Nimechukua faili, nimempelekea msimamizi wa kiwanda, nimemwomba afume kipande cha majaribio. Bibie sijamwambia. Nataka ashangae.

Aprili 12, 13, 14

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa chumba cha kazi umeota ukungu wenye sura ya bara nisilolijua.

Aprili 19, Ijumaa

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Bahasha ya kiwanda ilifika saa ya chai. Niliifungulia jikoni, kwa siri. Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa, upana wa kitaulo cha uso, na kilikuwa chekundu. Chekundu cha kuwaka, kikipanda kutoka nyekundu nzito hadi rangi ya chungwa na manjano, kama makaa yanapopulizwa. Ukingo wa kijani tu ndio uliokuwa sawa.

Damu ilinipanda. Nikampigia msimamizi.

"Mmeharibu kazi ya mke wangu! Kitambaa ni bluu, ninyi mmefuma nyekundu!"

"Mzee wangu, punguza sauti, mitambo yenyewe inanitosha. Sisi tunafuata namba. Mchoro umeandika uzi namba fulani, tumetia uzi namba hiyo. Namba haina macho."

"Mimi nimeiona bluu kwenye kompyuta!"

"Na mimi ninaiona nyekundu kwenye karatasi. Mwulize mwenyewe. Michoro yake tumefuma miaka yote, hajawahi kukosea uzi hata mmoja."

Nilijua sina budi kumwambia. Nikaenda dirishani na kipande kile nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Bibie, nilipeleka mchoro kiwandani bila kukuuliza. Nia ilikuwa njema. Lakini wamekuharibia."

"Wameharibu nini?"

"Wameweka nyekundu."

Akageuka. Sijamwona akigeuka haraka namna ile mwaka huu mzima. "Umesemaje?"

"Nyekundu tupu, na machungwa. Tazama mwenyewe."

Akakinyakua. Akakipeleka kwenye mwanga, akainamisha kichwa kulia, akakitazama kwa ukingo wa jicho, akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akaniuliza neno kwa neno, kama daktari:

"Kitambaa hiki, wewe unakiona chekundu?"

"Chekundu."

"Na kwenye kompyuta, uliona rangi gani?"

"Bluu. Si bluu ile nzuri uliyoichora?"

"Wewe uliiona bluu." Akaketi. "Wewe, kwa macho yako, uliiona bluu."

"Kila mtu angeiona bluu!"

Akaanza kucheka, na machozi yakafuata palepale, vyote kwa pamoja, nisijue nishike kipi. Akanipiga begani na kile kipande cha kitambaa. Akapiga tena.

"Mwalimu! Nilichora makaa! Tangu siku ya kwanza nilichora makaa, moto unaoamka asubuhi. Nikatia nyuzi zangu, nikaangalia, nikaona bahari. Nikasema, rangi zimeondoka, daktari alisema zitatangulia. Nikakuita. Nikakuuliza. Nawe ukaniambia nzuri sana, usibadilishe kitu!"

"Ilikuwa nzuri," nikasema kwa unyonge.

"Kwa hiyo nikajua wewe unaona moto, mimi peke yangu ndiye ninayeona maji."

"Mbona hukutazama vidonge vya uzi? Ungeweka chekundu karibu na kioo ukalinganisha."

Akakitandaza kile kipande juu ya goti. Mvua ilikuwa ikiteremka kwenye kioo cha dirisha kwa mistari iliyonyooka.

"Kwa sababu kama navyo vingekuwa bluu," akasema, "ningekuwa sina tena pa kutazama."

Nilipanda juu ya kiti, nikashusha sanduku, nikafungua utepe. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga mapajani. Nyekundu alizitaja zote bila kukosea.

Aprili 20, Jumamosi

Mkwe alikuja na viatu vyake vya matope. Alisikiliza kisa chote bila kucheka, na hilo lilinitisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilijaribu mistari, nyeusi kwa nyeupe. Rangi sikutia hata moja."

Nieleze, kwa kuwa ni jambo zuri kulijua. Rangi ya kila nukta kwenye kioo hutajwa kwa viwango vitatu: nyekundu, kijani, bluu. Programu ya Bibie ilivitaja kwa mpangilio huo. Mwenyeji anavipokea akianzia upande wa pili: bluu, kijani, nyekundu. Mkalimani alipaswa kugeuza, hakugeuza. Kijani kiko katikati, kwa hiyo hakikuhama. Nyeusi na nyeupe na kijivu zina viwango sawa pande zote, hazikuhama. Ndiyo maana hakuna kilichoonekana kibovu. Moto ukawa maji, bila ufa wowote.

Mkwe aliandika mstari mmoja katika maagizo ya mkalimani. Kioo kikapepesa, kikawaka chekundu, na mwanga wake ukaangukia mikono ya Bibie.

"Samahani sana, Mama."

"Wewe ulijaribu kwa mistari," Bibie akamjibu. "Huyu baba yako alikuwa na kitambaa kizima mbele yake. Kula mkate, mwanangu."

Nikamkatia mkwe kipande kikubwa. Nilimwomba radhi kwa ile simu. Akasema, "Simu ipi, Baba?" na ndipo akacheka. Nilitambua kwamba mtu huyu hucheka ili mwingine asione haya. Imenichukua miaka yote hii.

Aprili 21 hadi 30

Anafanya kazi kila siku, asubuhi tu, mwanga unapokuwa mzuri. Sisinzii tena. Naketi kando yake, si nyuma.

Mei 6

Leo aliniambia nyekundu mbili za chini zimeanza kufanana. Nikaziangalia kwenye kioo. Ziko mbali kabisa. Hii si mashine. Tulijua, sote wawili. Akaendelea kwa namba.

Mei 13

Amemaliza. Alibonyeza kibonye cha mwisho, akaacha kidole juu yake kwa muda, kama mtu anayesikiliza mlango uliofungwa kama umefungika kweli.

Mei 24, Ijumaa

Kitambaa kimefika, kizima, kimeviringishwa. Tulikitandaza kitandani, kikafunika kitanda na kumwagika hadi sakafuni. Alikizunguka akikitazama kwa kando, pembe hadi pembe. Karibu na dirisha alisimama. "Hapa nakiona," akasema. "Hapa kinawaka."

Alisimama hapo mpaka wingu likapita mbele ya jua.

Juni 2, Jumapili

Mvua zimekatika. Barabara imekauka na watu wanatembea kana kwamba wameshushwa kutoka melini.

Asubuhi Bibie aliketi na kitambaa mapajani, akaweka kidole.

"Hapa?"

"Nyekundu," nikasema.

"Nyekundu ya nini, Mwalimu? Nyekundu ziko nyingi kama majirani."

"Ya nyanya."

"Iliyoiva au inayojaribu?"

Nikavaa miwani, nikainama mpaka pua ikagusa uzi. "Iliyoiva ikapasuka."

"Ndiyo. Na hapa?"

Tulikwenda hivyo upande mzima wa chini, mpaka chai ikapoa. Kwa upande ule peke yake nilikosea mara nyingi, naye alinisahihisha kila mara, kwa kichwa tu, akiwa amefumba macho.

Programu bado inafunguka kila tukiiwasha, ugenini kwake, na mkalimani mlangoni. Kwa hiyo wewe utakayesoma haya, kama nyumbani mwako kuna kazi ya mtu iliyolala ndani ya mashine ya zamani, ifungue leo mwenyewe akiwa ameketi kando yako, na umuulize alikusudia rangi gani kabla hujamwambia kwamba ni nzuri.